Sauti Iliyomwita Nyani

Surau ya Lubuk Nibung, Pariaman
2 Juni 1988

Mdogo wangu Rosmaini,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Namshukuru Mola aliyetubakizia uhai, nami nikapata tena nafasi ya kuketi na kukuandikia. Huku tu wazima. Mama yetu anakula vizuri, anasali kwa kukaa, na juzi aligombana na muuza samaki mpaka yule bwana akaomba radhi kwa kosa ambalo sidhani alilitenda; kwa hiyo usiwe na wasiwasi juu ya nguvu zake. Goti langu la kushoto hulalamika wakati wa kusujudu, nami hulistahimilia. Je, kile kikohozi chako kimekuacha? Na mkahawa wako huko Palembang unaendeleaje?

Nimekuandikia mapema kuliko desturi yangu kwa sababu ya binti yako Wirdaneli, Neli wetu. Shule zitafungwa katikati ya mwezi huu, naye ameniomba ruhusa ya kufanya kazi ya ujira wakati wa likizo. Kazi yenyewe ni kwa Bi Saerah, mjane wa Buyung aliyekuwa na nyani wa kuangua nazi, afungwaye kamba ndefu shingoni. Buyung alitutoka mwezi wa Shaabani, Mungu amrehemu. Nyani wake, Gadang, amebaki. Lakini mnyama huyo alizoea sauti ya bwana wake, na mjane akimpigia kelele toka chini, yeye huketi juu ya kuti akajikuna kama mtu asiye na deni na yeyote. Wenye minazi wamekwisha kuchoka kumngoja.

Siku moja Neli alikuwa akirudi kutoka darasani kwangu hapa surau, msikiti wetu mdogo, msahafu kifuani, akamwona Bi Saerah chini ya mnazi analia kwa hasira. Neli akainua uso akamwita Gadang, "Zungusha!" Nyani akaizungusha nazi mpaka ikaanguka. Bi Saerah amenieleza kwamba tangu Buyung afariki, hakuna mwingine ambaye Gadang amemtii.

Nilimuuliza Neli, "Ujira huo utaufanyia nini?"

Akanijibu, "Sijui bado, Mjomba. Ndiyo raha yake."

Nikamwambia, "Mama yako atakataa."

Akasema, "Ndiyo maana nimekuja kwako kwanza."

Unajua kwamba baba yake ameoa kwingine huko Jambi, na kwamba kwa desturi yetu mpwa huongozwa na mjomba wake. Ningeweza kusema neno moja likaisha. Sikulisema, na nakuahidi sitalisema. Nakuomba wewe uliyemzaa uliseme.

Kaka yako,
Kaharuddin


Palembang, 13 Juni 1988

Ajo wangu, kaka yangu mkubwa ninayekuheshimu,

Waalaikumu salaam. Kikohozi kimekwisha. Mkahawa unakwenda vizuri, gulai, mchuzi wangu wa vichwa vya samaki, huisha kabla ya adhuhuri. Mpe Mama salamu, mwambie yule muuza samaki namjua, amnyooshe tena.

Haya, salamu zimetosha. Hapana.

Ajo, umesahau unaishi wapi? Binti wa nyumba yetu ashike kamba ya nyani? Nawasikia toka huku watu wa penye kahawa: "Mmemwona mpwa wa Buya? Analishwa na nyani, maana mjomba wake hana cha kumpa." Watakayemsema ni wewe, ustadhi wao, si mimi! Mimi niko mbali, sisikii kitu. Wewe ndiye utakayesimama mbele ya safu na watu nyuma yako wakicheka ndani ya kanzu zao. Mjomba akishindwa kumtunza mpwa, anabaki na nini? Ninakulinda uso, na wewe unaniletea wembe.

Halafu yule mnyama. Anajipekua chawa, anashika matakoni, kisha anashika kamba, na mtoto anashika kamba hiyo hiyo. Atasali vipi?

Na sauti! Miaka yote hii umeinoa sauti ile wewe mwenyewe, aya kwa aya. Mwisho wa Julai ana mashindano ya wilaya ya kusoma Kurani. Nimekwisha waambia wateja. Yule mzee wa duka la nguo haondoki hapa bila kuuliza, "Vipi, msomaji wetu?" Sasa nimwambie nini? Kwamba msomaji wetu yuko chini ya mnazi anamfokea nyani? Sauti itapasuka kama sufuria ya bei rahisi.

Akae nyumbani. Adarizi, asome, amsaidie Mama. Mimi nilifanya kazi tangu nikiwa mdogo ili yeye asifanye.

Mdogo wako,
Rosmaini


Lubuk Nibung, 20 Juni 1988

Mdogo wangu Rosmaini,

Amani ya Mola iwe juu yako na juu ya sufuria zako. Sisi wazima. Mama amekusikiliza nikimsomea barua yako, akatafuna tambuu yake polepole, akasema, "Huyo ni mimi mtupu," na sikuweza kujua kama alikusifu au alikulaumu.

Nitakujibu kwa utaratibu wa hoja zako, kwani uliziandika kwa haraka lakini zinastahili kujibiwa bila haraka.

Uso unaoulinda ni wangu. Nakushukuru, lakini sikukukabidhi. Nimekuwa imamu wa surau hii tangu kabla ya Neli kuzaliwa, na nimesemwa kwa mambo mengi. Nilisemwa nilipowafundisha wasichana tajwidi pamoja na wavulana. Nilisemwa nilipokataa kusoma dua kwenye arusi ya mtu aliyedhulumu ndugu zake. Kama watu wanataka kunisema kwa sababu mpwa wangu anakula jasho lake la halali, na waseme. Nitawasikiliza, kisha nitakimu sala.

Kuhusu twahara: katika madhehebu yetu ya Shafi, mnyama aliye najisi angali hai ni mbwa na nguruwe, na kilichozaliwa nao. Nyani hayumo. Jasho lake na mate yake si najisi. Choo chake ni najisi, kama cha kuku wako, nawe hujaacha kuwafuga kuku. Neli ataosha mikono.

Kuhusu sauti: mitume walichunga mifugo, na hakuna aliyeogopa kwamba ufunuo ungeshika harufu ya zizi. Sauti iliyotamka maneno matukufu haichafuki kwa kutamka neno la kazi. Wala haitapasuka. Kifua cha msichana yule nakijua.

Sasa nikueleze lililotokea, kwani ni haki yako kulijua. Nilipomsomea Neli jibu lako, hakulia. Aliondoka akaenda kuteka maji. Siku iliyofuata darasani nikamwambia asome, akafungua msahafu, akatembeza kidole juu ya mistari, midomo ikicheza, na hakuna kilichosikika. Wenzake wakaanza kucheka chini chini.

"Unaumwa koo?" nikamuuliza.

"Hapana, Mjomba. Nasoma kimya kimya. Mungu anasikia."

"Mimi sisikii."

"Sauti mnayoigombania wewe na Mama nimeiweka kabatini. Mkimaliza, mtaniambia ni ya nani."

Nilikuwa na haki ya kumwadhibu. Nilimtazama nikakuona wewe ulipokuwa na umri wake, uliposimama mlangoni na mzigo kichwani ukamwambia marehemu baba kwamba unakwenda Palembang, akubali asikubali. Sote tulikukatalia. Ulikwenda. Leo sufuria zako zinatuezekea paa la nyumba hii.

Sema ndiyo, Rosmaini. Nangoja.

Kaka yako,
Kaharuddin


Palembang, 28 Juni 1988

Ajo,

Waalaikumu salaam. Mzima.

Usinirudishie mimi mwenyewe kama hoja. Mimi nilikwenda kwa sababu nyumba ilikuwa inavuja. Yeye anakwenda kwa sababu ya nini? Raha?

Kama anataka kazi, kazi iko hapa. Nimemwekea kiti kwa dereva wa basi la Palembang, yule mwenye shavu lenye kovu, atapita hapo Jumatano tarehe sita. Ampandishe. Neli aje aoshe sahani kwangu likizo yote, nimwone kwa macho yangu. Tarehe ya mashindano ikifika nitamrudisha mwenyewe, na sauti yake ikiwa nzima.

Na nakwambia mapema usije ukasema sikukwambia. Akiishika kamba ile hata siku moja, Maulidi msininunulie mchele wa lemang, wa kuoka na tui kwenye mianzi. Sitakuja. Mwambie na Mama.

Rosmaini


Lubuk Nibung, 9 Julai 1988

Mdogo wangu Rosmaini,

Assalamu alaikum. Nakuombea afya na kifua kipana cha kunisoma mpaka mwisho. Mama ni mzima.

Basi lilikuja Jumatano kama ulivyosema. Dereva alikuwa na adabu, akazima injini akangoja. Neli alitoka na begi lake, amevaa mtandio ule wa buluu uliomletea. Hakubisha. Nami nilikuwa nimemwandikia dua ya safari. Mguu mmoja ukiwa kwenye ngazi ya basi, akageuka.

"Mjomba, nikuulize kama mwanafunzi?"

"Uliza."

"Kuosha sahani kwa Mama ni kazi?"

"Ni kazi."

"Ujira upo?"

"Kwa mama yako? Sidhani."

Dereva akacheka. Neli hakucheka. "Basi Mama hakatai nifanye kazi," akasema. "Anakataa nisionekane. Huko nitakuwa nyuma ya pazia la jikoni. Ni hivyo?"

Nimefundisha dini muda mrefu, Rosmaini, na maswali mengi nimeyajibu hata pale nilipopaswa kunyamaza. Hili lilikuwa la haki. Abiria walikuwa wakinitazama toka madirishani. Nikamwambia dereva aende na kiti kitupu.

Hivyo nimelisema lile neno la mjomba, ambalo nilikuahidi kutolisema. Nimemruhusu. Sikuandika haya kukuomba radhi. Nimeandika ili uyasikie kutoka kwangu kabla hujayasikia kwa mwingine.

Siku ya kwanza nilifuatana nao kwa ajili ya stara, mimi nyuma, Bi Saerah akikokota baiskeli, Gadang ameketi juu ya kibebeo cha nyuma kama waziri. Shambani Bi Saerah aliingia vichakani kuokota nazi zilizoanguka zenyewe, Neli akanipa ncha ya kamba akisema, "Shika tu, Mjomba, usivute." Akarudi nyuma hatua kadhaa, akaijaza pumzi kifuani namna nilivyomfundisha, akaita. Rosmaini, sauti ilipanda ule mnazi kabla ya nyani! Nazi zikaanza kushuka.

Ndipo Datuk wetu, mkuu wa ukoo, akapita na baiskeli yake. Akanikuta na kofia yangu ya surau kichwani na kamba ya nyani mkononi.

"Buya," akasema, "leo darasa ni la nani?"

"La yeyote aliye tayari kujifunza, Datuk. Mnazi wa pili hauna mtu, ukitaka kupanda."

Akaenda zake. Jioni ile safu ya nyuma ilikuwa tupu. Nilisikia kwamba wengine wamekwenda kusali surau ya ng'ambo ya mto. Watoto barabarani wameanza kuniita Buya wa Nyani. Nimesali na waliokuja, na sikufupisha sura.

Neli anakwenda shambani na ndala za surau, kwa kuwa hana viatu vingine. Maji moto, wale sisimizi wekundu wa mitini, wamemng'ata miguu mpaka imevimba. Nilimwambia apumzike siku moja. Akaniuliza kama mimi hupumzika alfajiri mvua ikinyesha.

Kaka yako,
Kaharuddin


Lubuk Nibung, 6 Agosti 1988

Mdogo wangu Rosmaini,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Sijapata jibu lako, na kila mara mtu wa posta akipita, Mama husogea dirishani kisha husema amekwenda kutema tambuu. Sote wazima wa mwili. Natumaini nawe u mzima, na kwamba ukimya wako ni wa hasira na si wa maradhi.

Ninayo habari ambayo ingekuwa rahisi kutokuandika. Ulisema sauti itapasuka, nami nikasema haitapasuka. Ilipasuka.

Ilianza kukwaruza wiki ya pili ya kazi. Nilimpa asali na tangawizi, na Bi Saerah akamkataza kupiga kelele, lakini Gadang alikuwa bado haendi ila kwa kuitwa. Siku ya mashindano, Neli aliamka na sauti kama mlango wa zizi. Nilimwambia tusiende. Akavaa, akafunga mtandio, akasema lazima aende, jina lake limekwisha kusomwa. Hakutaka nimsemee. Alipoitwa alipanda jukwaani akawaambia waamuzi mwenyewe, kwa kunong'ona kwenye kipaza sauti, kwamba amepotewa na sauti na anajiondoa.

Kijana mmoja katika umati akapaza, "Sauti kaichukua nyani!" Watu wakacheka.

Neli akarudi kwenye kipaza sauti. "Hajaichukua," akasema. "Nimemwazima."

Akashuka. Akaketi kando yangu akawasikiliza wasomaji wote mpaka wa mwisho. Macho yake yalikuwa mekundu, na mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa shuka yangu kama alipokuwa mdogo. Sikumwambia kwamba mwakani ipo. Alikuwa akiijua hasara yake.

Ulikuwa sahihi kuhusu koo lake, mdogo wangu, na mimi mwalimu wake nilikosea. Lakini nikirudishwa kwenye ngazi ya lile basi, nitakiacha kile kiti kiende kitupu tena.

Kwa kuwa hakuwa na sauti, ilimbidi ajifunze kamba. Sasa hasemi neno. Akivuta kidogo kulia, Gadang huhama upande, akiitikisa, huzungusha, akiilegeza, hushuka. Bi Saerah anasema Buyung naye angefanya hivyo kama asingependa kusikika. Shule imefunguliwa, kwa hiyo Neli huenda Jumapili tu. Sauti inarudi polepole. Juzi alisoma nusu ukurasa darasani bila kuambiwa, nami nikajifanya natafuta miwani.

Jambo moja zaidi, kwani najua litakufurahisha hata ukikataa. Nazi za Datuk zimezidi kukauka juu, na nyani wengine wote wamekodiwa mpaka Sungai Geringging. Alimtuma mjukuu wake akaja mlango wa jikoni, akaomba kwa sauti ya chini Gadang aende Jumapili. Neli akamwambia, "Mwambie Datuk nitakuja. Ila aje kuniomba yeye, tena kwa mlango wa mbele. Uko wazi."

Mpaka leo hajaja. Nazi zinaendelea kukauka.

Mwanao ameniomba nikuulize swali moja, nami nalinakili kama alivyolisema: "Mama atakuja Maulidi, au nisimngoje?"

Kaka yako,
Kaharuddin


Palembang, 24 Agosti 1988

Ajo wangu, kaka yangu mkubwa,

Waalaikumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mimi mzima, sikuwa mgonjwa. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu unaijua, haipendi kalamu.

Nilisema. Nataka iandikwe mahali kwamba nilisema.

Barua yako niliisoma jikoni nimesimama. Pale kwenye kipaza sauti nililia. Pale kwenye mlango wa mbele nilicheka mpaka wasichana wangu wakaja kuangalia. Gulai ikaungua yote, nikawapa watu rendang ya nyama kwa bei ya gulai. Yule mzee wa duka la nguo akauliza, "Vipi, msomaji wetu?" Nikamwambia hakusoma, alikuwa kazini. Akanitazama. Nikamtazama. Akala, akalipa, akaenda zake. Sikuona aibu. Nilijitafutia aibu usiku huo nikaikosa, na hilo limenikasirisha upya.

Usidhani nimekubali, Ajo. Sijakubali. Ulivunja neno lako mbele ya basi zima, na hilo tutalizungumza uso kwa uso, goti lako likiuma au lisiume.

Dereva yule yule anakuletea kifurushi. Ndani mna viatu vya mpira, virefu mpaka magotini. Nimechukua namba kubwa kidogo, avae na soksi. Maji moto hawapiti mle. Ndala za surau azirudishe surau. Mna na asali ya msituni, si ile ya dukani unayompa wewe. Kijiko kimoja asubuhi, kabla ya kusema na mtu. Na mtandio mwingine, mweusi, usioonyesha utomvu. Hivyo si ruhusa, ni viatu tu. Mtoto wangu hatatembea shambani kama mtu asiye na mama.

Mwambie Mama aanze kutafuta mianzi ya lemang, myembamba, si kama ya mwaka jana iliyopasuka motoni.

Na ule mnazi wa nyuma ya jikoni, aliouchimbia shimo marehemu baba, mtu asiuguse. Si Gadang, si mtoto wa jirani, hata zikianguka zenyewe muziokote mziweke. Nazi za lemang ya Maulidi zitatoka pale, na zitaanguliwa siku nitakayofika, si kabla. Nitaweka kiti changu chini, mbali kidogo zisinipate, nione kwa macho yangu jinsi anavyoivuta hiyo kamba.

Kisha atanisomea. Aya yoyote, kwa sauti yoyote aliyobakiwa nayo.

Na Datuk akija kabla yangu, apite mlango wa mbele. Msimfungulie wa jikoni.

Mdogo wako, ambaye bado anasema hapana,
Rosmaini